Kigari Nilichokiunguza Kibondo

Mimi sikuwahi kukipenda kile kigari. Nalisema hili mwanzoni kabisa, asije mtu akadhani nalia kwa ajili yake. Kilikuwa cha kuchezea, cheupe, kina antena nyembamba mgongoni, na kilikuja na kisanduku chenye vijiti viwili, kimoja cha kwenda mbele na nyuma, kingine cha kukata kona. Mzungu aliyekuwa akisimamia ujenzi wa tangi la maji ndiye aliyemwachia mume wangu alipomaliza mkataba wake, kwa kuwa mume wangu alimwendesha kwenye barabara zile za matope bila kumtia mtaroni. Ilikuwa miaka ya sabini, tuko Kibondo, umeme hatuna, na zawadi yenyewe inataka betri mbili tumboni na nyingine sita kwenye kisanduku.

Yule mzungu alinipa na onyo la kumfasiria mume wangu, maana Kiingereza kilikuwa changu, si cha mume wangu. Alisema kigari kile kinywe betri ndogo za tochi tu. Kikiunganishwa na betri ya gari kubwa, kitaungua pale pale. Mume wangu alitikisa kichwa kwa heshima kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Muheza, niliyepelekwa Kigoma na serikali bila kuulizwa napenda au sipendi. Mume wangu alikuwa Muha wa Kagerankanda, upande wa Kasulu, dereva wa landrova ya kituo cha afya kilichokuwa jirani na shule yetu. Alikuwa mpole kupita kiasi. Maneno hakuwa nayo mengi, lakini mimi nilikuwa nayo ya kututosha wawili.

Betri za tochi wakati ule zilikuwa za kutafuta. Duka likizipata leo, kesho zimekwisha, na mwenye duka anakutazama kama umemwomba dhahabu. Kila nyumba ilianika betri zake juu ya bati mchana kutwa ili zirudishe nguvu. Jioni baba mwenye nyumba anaziuma ubavuni kwa meno, anazirudisha kwenye redio, na redio inasema sentensi tatu kabla ya kunyamaza tena. Sasa katika hali hiyo, wewe unakuja na kigari kinachokula betri kama nzige. Nikifungua redio yangu nisikilize taarifa ya habari, nakuta tumbo tupu. Nikishika tochi niende chooni, nayo tumbo tupu. Mume wangu yuko nje amechuchumaa na kisanduku chake, watu wamemzunguka, wanacheka mpaka wanashika magoti.

Na kilichowachekesha ni hizo hizo betri. Zikianza kuchoka, kigari kilikuwa kichaa. Kinakwenda mbele vizuri, lakini ukikiambia kata kona hakisikii, kinapita katikati ya kuku, kinaingia kwa jirani, kinagonga chungu cha pombe. Redio kol ya kituo, ile ya kuitana na Kasulu, nayo ikianza kuongea, kigari kinaruka chenyewe bila kuguswa, na wazee wengine waliaga wakaenda zao. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni nimeshika kiuno. Nilimwambia wazi, "Wewe bwana, siku moja kitu hiki kitatutia aibu." Akacheka tu.

Landrova aliitunza vizuri kuliko alivyojitunza mwenyewe. Hendeli ya kuzungushia injini ilikuwa imeshapotea kabla hajaajiriwa, na vipuri havikuwa vikipatikana, kwa hiyo aliilinda ile betri kama jicho lake. Kama madereva wote wa milima ile, hakuegesha gari mahali tambarare. Akifika popote, kwanza anatafuta mteremko, pua ya gari inatazama chini, ndipo anazima. Nimekwenda naye harusini tukaegesha mbali na nyumba ya harusi, tukatembea na viatu vyangu vya kisigino kwenye mawe, eti kwa sababu uwanja wa bibi harusi hauna mteremko. Maji ya betri pia alijitengenezea. Maji safi ya dukani hayakufika kwetu, kwa hiyo masika alikinga mvua kwenye bati, akaiacha ioshe vumbi kwanza, kisha akajaza chupa za kahawia za dawa alizopewa kituoni, akaziziba kwa vitambaa na kuzipanga kwenye rafu nyuma ya jiko. Chupa hizo ndizo zilizomtosha kiangazi chote.

Kiangazi hicho mama mkwe alihamia kwetu kutoka Kagerankanda. Hakuja kwa furaha. Ng'ombe wa jirani yake walikufa mfululizo, na watu wakaanza kumtazama yeye, mjane, mwanamke wa peke yake mwenye maneno makali. Hakuna aliyesema neno mchawi usoni pake, lakini waliacha kuchota maji alipokuwa kisimani. Mwanawe alikwenda kumchukua siku aliyosikia, akarudi naye na kuku wake na vyungu vyake, kimya kimya.

Tulipatana kwa shida. Nikimwamkia "Mwakeye, mama," ananijibu huku anatazama sufuria yangu. Mboga zangu zilikuwa na mafuta mengi, sauti yangu ilikuwa kubwa, na mwanamke gani anavaa saa ya mkononi akisonga ugali. Jiko alilichukua lote katika wiki ya kwanza. Alipika maharage kwa maji ya majivu, kama wapikavyo kwao. Unachoma maganda ya ndizi makavu, majivu unayaweka kwenye chungu kilichotobolewa chini, unamwagia maji, na yanayochuruzika yana ukali unaouma ulimi. Ukiyatia kidogo kwenye maharage, maharage yanalainika upesi. Nilikubali moyoni kwamba yalikuwa matamu, ila kwa mdomo sikumwambia.

Baada ya muda landrova ikaanza kisirani. Asubuhi stata inaguna mara moja na kunyamaza. Mume wangu anaongeza maji kwenye betri, anaiona inatoa povu, anafurahi, anasema sasa imepata nguvu. Kesho yake ni mbaya zaidi. Akawa haegeshi tena isipokuwa kwenye mteremko mkali kabisa, na wauguzi wakawa wanasukuma gari na sare zao nyeupe.

Maneno yakaanza. Karani wa kituo alikuwa amemwona siku moja anakitengeneza kigari juu ya boneti ya landrova, nyaya zimetandazwa, maana boneti ndiyo meza pekee iliyokuwa juani. Karani akaunga moja na moja. Betri za tochi dukani hakuna, kigari kinakimbia, betri ya landrova inakufa. Basi dereva anakinywesha kigari chake kwa betri ya wagonjwa. Maneno hayo yalizunguka kituo kizima, yakafika shuleni kwangu, na walimu wenzangu wakawa wananiuliza habari za kigari kwa sauti tamu ambayo niliielewa vizuri sana.

Halafu ikatokea ya kijiji cha Murungu. Mama mmoja alishindwa kujifungua, mume wangu akatumwa kumchukua. Wakati wa kurudi, injini ilizima kwenye kidimbwi, tena pahala tambarare. Wanaume walisukuma mpaka suruali zikachanika, lakini betri ilikuwa imekufa kabisa, hata cheche ya kuwashia injini hakuna. Ikabidi mama wa watu abebwe kwenye machela ya miti mpaka kituoni, wanaume wakipokezana mabega, mume wangu akiwa mmoja wao. Yule mama alifika amelegea, lakini alijifungua, na mama na mtoto wakapona. Mume wangu alipoingia nyumbani alikaa chini sakafuni, akalia kama sijapata kumwona akilia.

Daktari wa kituo alikuwa mtu wa mbali kama mimi, mkali, mchapakazi. Alimwita mbele ya wafanyakazi wote. Alisema betri mpya imeazimwa kwa bwana shamba, italetwa Ijumaa, na siku hiyo hiyo mume wangu atakabidhi funguo, maana yeye hawezi kuweka uhai wa watu mikononi mwa mtu anayechezea midoli kwa betri ya serikali. Mume wangu alisema hakufanya hivyo. Alisema mara moja, kwa sauti yake ile ndogo, na hakuna aliyemsikia.

Mimi nilikwenda ofisini kwa daktari siku hiyo hiyo. Nilimweleza onyo la mzungu, kwamba kigari kile hakiwezi kunywa betri ya gari, kitaungua. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mwalimu, mke mwema lazima amtetee mumewe." Damu ilinichemka. Kama angeniita mwongo ningevumilia, lakini lile tabasamu lilinimaliza. Nilitoka pale nikiwa nimekula yamini kwamba mume wangu hatapoteza kazi kwa jambo asilolitenda, hata kama nitalala mbele ya magurudumu ya hiyo landrova.

Nikaanza kuitafuta sababu. Nilimhoji mume wangu kila alichofanya tangu asubuhi mpaka jioni, mpaka akaniomba nimwache ale. Na hapo pa kula ndipo ulipokuwa mlango. Maharage yalikuwa magumu. Yalikuwa magumu tangu wiki kadhaa, tunayatafuna tu kwa heshima, na mama mkwe akilaumu kuni, akilaumu mbegu ya Kibondo, akilaumu sufuria yangu ya bati. Niliweka kijiko chini. Mwanamke huyu amepika maharage maisha yake yote. Hawezi kusahau kuyalainisha.

Nilimsubiri aende shambani, nikaingia nyuma ya jiko. Kwenye rafu chupa zote za kahawia zilikuwa zimezibwa kwa magunzi ya mahindi. Vitambaa vya mume wangu havikuwepo. Mama mkwe alikuwa msafi sana. Alikuwa ameona vitambaa vinaleta mende, akavitupa, akafuta rafu, na akazipanga chupa upya, zake na za mwanawe pamoja, maana maji yake ya majivu naye aliyaweka kwenye chupa zile zile za dawa nilizompa mimi. Nilifungua chupa ya upande aliokuwa akichota mume wangu, nikaionja. Iliniuma ulimi. Nikafungua ile aliyokuwa akipikia maharage. Ilikuwa mvua tupu.

Nilikaa juu ya kinu nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika. Lile povu alilokuwa akilifurahia mume wangu lilikuwa betri inauawa. Ukali wa majivu ulikuwa unaumaliza ukali wa betri, chupa baada ya chupa, na maharage yetu yanachemshwa kwa maji ya betri.

Nilimweleza mume wangu siku hiyo hiyo alasiri, nimejaa ushindi, nimeshika chupa mbili kama mawakili wangu. Alizionja zote mbili. Akaziziba tena. Kisha akasema, "Mama asitajwe."

Nilidhani sikusikia. Nikamwambia Ijumaa anafukuzwa kazi. Akasema anajua. Nikamwambia ni bahati mbaya tu, kila mtu ataelewa. Akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, si kwa hasira, bali kwa uchovu. "Wewe ni wa Muheza," alisema. "Huku watasema alianza na ng'ombe, akaja na gari, akamaliza na mwanamke wa Murungu na mtoto tumboni. Hawatasema chupa. Nitalima. Kulima si aibu. Lakini mama yangu hana pa kuhamia tena."

Nilitaka kumgombeza, lakini alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimewaona wale wazee walioaga kigari kiliporuka chenyewe. Na yule mama, pamoja na ulimi wake wote, sikutaka aishie njiani akiwa na kuku wake. Lakini kulima nako sikukubali. Mume wangu alizaliwa kuendesha. Ukimwondolea usukani unabaki na mtu anayekaa mlangoni, na mimi sikuolewa na mlango.

Nilimwaga chupa zote, zake na za mama mkwe, na chungu cha majivu nikakipasua nikasema kimeniponyoka. Mama mkwe alinifokea kwa Kiha mpaka jua likazama. Nikaendelea kuokota vigae.

Ijumaa nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa. Betri ya bwana shamba ilikuwa imeshafungwa kwenye landrova, injini inanguruma, wafanyakazi wamesimama uani kutazama funguo zikikabidhiwa. Nilipita katikati yao nikiwa nimebeba kigari kwapani. Mume wangu aliponiona alielewa, maana onyo la mzungu alilijua. Alifumba macho kidogo. Hakunizuia.

Nikamwambia daktari, "Umesema mume wangu alikinywesha hiki kwenye betri ya gari. Ninakuomba uzime injini, uje uone kinavyokunywa." Daktari alisita, lakini watu walikuwa wameshasogea. Akaamuru boneti ifunguliwe. Nilikuwa na vipande viwili vya waya nilivyovichuna kwa meno. Waya mmoja nikaushikiza kwenye kichwa kimoja cha betri, mwingine kwenye cha pili, na ncha zake nikazigusisha kwenye springi za tumboni mwa kigari, pale zinapokaa zile betri mbili za tochi.

Magurudumu yalizunguka kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona, sauti ikapanda ikawa nyembamba, na papo hapo ikatoka harufu ya plastiki. Moshi ukachomoza pembeni ya antena. Kifuniko cheupe kikapinda, kikawa cha njano, kikawa cha kahawia. Sikuziachia nyaya mpaka kila mtu aone. Karani alisema labda alikuwa anakiunganisha kidogo kidogo, na muuguzi mmoja mnene akamwambia yeye aende akajiunganishe huko. Miaka mingi baadaye fundi mmoja wa Kasulu aliniambia kwamba mtu mjanja angeweza kuichota betri ya gari nusu nusu bila kuunguza kitu. Namshukuru Mungu fundi huyo hakuwepo Kibondo siku ile.

Daktari alitazama kile kilichobaki mkononi mwangu. Kisha akamgeukia mume wangu, akamwambia betri ya zamani pengine ilikuwa imechoka tu, na kwamba kuna wagonjwa wa kupeleka Kasulu kabla ya adhuhuri, sasa anasubiri nini. Mume wangu alisogea kwenye gari. Alipotaka kuifunga boneti nilimwona ananyoosha kidole akakigusa kigari, mara moja, kama mtu anayepima homa.

Hapo ndipo mama mkwe alipofika uani na kikapu cha chakula cha mwanawe. Aliona moshi. Alimwona mwanawe macho mekundu, akaniona mimi nimeshika nyaya. Aliuliza kwa Kiha, mbele ya watu wote, nani amekiunguza kitu cha mwanangu. Mume wangu alifungua mdomo. Nilimkanyaga mguu kwa kisigino, nikajibu mimi. "Mimi, mama. Nilikichoka." Akaniuliza ndiyo hivyo tu. Nikamwambia ndiyo hivyo tu. Aliweka kikapu chini akanitukana vizuri, kwa utaratibu, kuanzia Muheza mpaka saa yangu ya mkononi.

Mume wangu aliendesha landrova ya kituo kile mpaka alipohamishwa kwa kupandishwa cheo, na hakupata kuacha mgonjwa njiani tena. Mama mkwe aliishi nasi hadi mwisho wake, akaheshimiwa Kibondo yote. Watoto wa watu walimletea maji mlangoni, na wanawake walikuja kujifunza kwake kupika. Kila mgeni aliyeingia alisimuliwa naye jinsi mke wa mwanawe alivyokiunguza kigari cha mumewe kwa wivu, hadharani, bila haya. Mume wangu alikuwa akiinuka kila mara hadithi hiyo ilipoanza, anakwenda kulitazama gari. Mimi nilimimina chai.

Mara ya mwisho nilipomsikia mama mkwe akisema jambo hilo alikuwa hawezi tena kuinuka kitandani. Alimshika mwanawe mkono akamwambia, "Mke wako ana roho ya wivu, mwanangu, lakini umvumilie, kwa sababu hakukuacha." Mume wangu alinitazama, midomo inamcheza, na nikajua kwamba nikimpa ruhusa atasema yote. Nikatikisa kichwa. Nikamwambia mama mkwe nitajitahidi kubadilika, nikavuta blanketi nikamfunika miguu.